Nataka kuwa mhadhiri wa famasia: nianzie chuo cha kati au nisubiri chuo kikuu?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, nimemaliza shahada ya famasia na mwaka wa utarajali, na nimeshasajiliwa na Baraza la Famasi. Wastani wangu wa shahada ni 3.9. Nimepata nafasi ya ukufunzi kwenye chuo cha kati cha afya mkoani, kufundisha stashahada ya dawa. Pia kuna mwenye famasi mjini anataka niwe mfamasia msimamizi wake, na amesema si lazima nishinde pale. Ndoto yangu ni kuwa mhadhiri na kufanya utafiti kuhusu elimu ya famasia na namna nchi inavyoandaa wataalamu wake wa dawa. Wenzangu wananiambia elimu si sayansi, bora nichukue uzamili wa kemia ya dawa nisubiri nafasi ya chuo kikuu. Chuo kinataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Nenda kafundishe chuo cha kati. Nitakueleza sababu zangu kwa urefu, kwa kuwa nafasi hiyo wengi wataiona kama ya kushikia tu wakati unasubiri kitu bora, na mimi naamini kwa ndoto yako ndiyo mahali penyewe pa kuanzia.

Ila kwanza tumalize la mwenye famasi. Anachotaka ni cheti chako ukutani, wewe usiwepo. Sheria ya Famasia ya mwaka 2011 inataka famasi isimamiwe na mfamasia, na kusimamia ni kuwepo. Pesa ile ya kila mwezi inavutia sana kijana aliyetoka tu kwenye utarajali, najua. Lakini siku dawa imetolewa vibaya pale, jina litakaloitwa mbele ya Baraza ni lako. Na wewe unataka kusimama mbele ya vijana uwafundishe wajibu wa mfamasia. Utawaambia nini? Kataa. Ukitaka kufanya kazi famasi huku unafundisha, jambo ninaloliunga mkono kabisa, tafuta zamu halisi, yenye saa zinazojulikana, usimame kaunta.

Sasa hili la "elimu si sayansi". Limenichoma, kwa sababu nimelisikia kwa watu wanaopaswa kujua zaidi.

Fikiria dirisha la dawa kwenye kituo cha afya. Mama ana mtoto mwenye nimonia, amepewa chupa ya unga wa amoxicillin. Ili mtoto apone, mama aondoke pale anajua mambo haya: achemshe maji yapoe, ajaze hadi kwenye alama na si zaidi, atikise kila mara kabla ya kunyweshwa, apime kwa kijiko cha dawa na si cha chai, aendelee hadi dozi iishe hata kama homa imeshuka siku ya pili, na dawa iliyochanganywa isitumike kupita muda ulioandikwa kwenye chupa. Aliyeko dirishani aliyajua yote haya chuoni, na pengine alipata A kwenye mtihani. Je, ameyasema? Na kama aliyasema, mama amebeba nini kichwani? Foleni ina watu 60, dirisha ni dogo, mtoto analia, na sauti inapita kwenye kitundu cha kioo.

Mwaka 1990 daktari mmoja wa Marekani, George Miller, alipanga upimaji wa wataalamu wa afya katika ngazi nne: anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha akiwa mtihanini, anafanya akiwa kazini. Mwaka huohuo Charles Hepler na Linda Strand, pia wa Marekani, waliandika kwamba kazi ya mfamasia haiishii kwenye kutoa dawa iliyo sahihi, bali anawajibika kwa matokeo ya dawa hiyo katika maisha ya mgonjwa. Weka mawazo haya mawili pamoja uone shida yetu ilipo. Wajibu wa mfamasia uko kwenye ngazi ya nne, na mitihani yetu mingi inakomea ya pili. Kujua kama kilichofundishwa darasani kinafika kwa yule mama kunahitaji kupanga sampuli, kuandaa dodoso linaloaminika, kutuma wateja wa majaribio, yaani watu wanaojifanya wagonjwa, waliofundishwa kisa kimoja, kulinganisha makundi, na kufanya takwimu zinazostahimili kuulizwa maswali. Anayesema hiyo si sayansi hajaifanya.

Mfano wenye nguvu kuliko yote tunao hapahapa nyumbani Tanzania. Zamani vijijini dawa zilinunuliwa kwenye maduka ya dawa baridi, ambayo kisheria hayakuruhusiwa kuuza antibayotiki lakini mengi yaliuza, na muuzaji mara nyingi alikuwa na mafunzo kidogo au hana kabisa. Mwaka 2003 mkoani Ruvuma, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya wakati ule, kwa kushirikiana na MSH, shirika la afya la Marekani, ilianza kitu kingine: duka la dawa muhimu. Mtoa dawa alipewa mafunzo ya wiki kadhaa, mwenye duka naye akafundishwa, duka likakaguliwa na kusajiliwa, orodha ya dawa zinazoruhusiwa ikapanuliwa na kuingiza baadhi ya antibayotiki. Baadaye mpango ukaenea nchi nzima, na nchi nyingine za Afrika, Uganda ikiwemo, zikauchukua. Huo ulikuwa mradi wa kuendeleza nguvukazi ya dawa, mkubwa kuliko mingi iliyowahi kufanyika kwenye kumbi za vyuo vikuu vyetu. Mtaala ule uliandikwa kwa kuangalia kwanza nani yuko nyuma ya kaunta na anaulizwa nini kila siku, kisha ndipo masomo yakapangwa. Mimi nadhani kila mwalimu wa famasia Tanzania angepaswa kuujua mradi ule kama anavyojua famakolojia.

Ndiyo maana nakusukuma chuo cha kati. Mfamasia wa shahada utamkuta hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya rufaa, Bohari ya Dawa, TMDA (mamlaka inayodhibiti dawa na vifaa tiba), na famasi za mjini. Ukishuka kwenye kituo cha afya na zahanati, mwenye dawa ni mteknolojia wa dawa, yule ambaye wengi bado wanamwita fundi dawa sanifu, au msaidizi wake, na pale wasipokuwepo hao ni muuguzi au tabibu anayeacha chumba chake aje kufungua stoo. Hao ndio wanaokutana na Watanzania wengi zaidi. Hao ndio wanaopiga hesabu ya maoteo, yaani dawa zitakazohitajika, wanaojaza ripoti na maombi ya dawa, wanaoamua nani apewe antibayotiki na nani aambiwe arudi kwa daktari. Tunapozungumzia usugu wa vimelea dhidi ya dawa kwenye semina za hoteli, mtu tunayemzungumzia ni mwanafunzi wako mtarajiwa wa stashahada. Ukitaka utafiti wako uguse nchi, kaa naye miaka kadhaa.

Kuhusu nguvukazi, nataka uelewe jambo moja mapema, maana vijana wengi hulikuta wakiwa tayari kwenye uzamivu. Utasikia watu wawili wakibishana: mmoja anasema nchi ina upungufu wa wataalamu wa dawa, mwingine anasema wahitimu wako mtaani bila ajira, kwa hiyo tupunguze udahili. Wote wanasema kweli. Kuna mahitaji, yaani kazi iliyopo. Kuna ikama, yaani nafasi zilizoandikwa kwenye karatasi. Na kuna kibali cha ajira, yaani nafasi zenye fedha ya mishahara. Vitu hivi vitatu havilingani, na mwanataaluma anayeandika "upungufu" bila kusema anapima kwa kipi anaongeza kelele tu.

Shirika la Afya Duniani lina njia ya kukokotoa mahitaji kutokana na kazi yenyewe, inaitwa WISN, na Tanzania imeshaitumia. Nikupe hesabu ya kubuni uone inavyokwenda. Kituo kinafungua dirisha la dawa siku 260 kwa mwaka. Mtumishi mmoja, ukitoa likizo, sikukuu, ugonjwa na semina, anapatikana tuseme siku 205, saa 8 kwa siku: saa 1,640. Wagonjwa 120 kwa siku, na kumhudumia mmoja vizuri, pamoja na maelekezo, ni dakika 6. Hizo ni dakika 720, sawa na saa 12 kila siku, saa 3,120 kwa mwaka. Gawanya kwa 1,640, unapata karibu watumishi 2 kwa dirisha peke yake. Bado hujahesabu stoo, kuhesabu mali, kupokea shehena ya Bohari, ripoti. Ukiziongeza unafika karibu 3. Kama kituo kina mmoja, uwiano wa waliopo kwa wanaohitajika ni 0.33, na sasa umeelewa kwa nini yule mama wa amoxicillin hakuelezwa. Dakika 6 zimekuwa 2.

Angalia hapo: tatizo ambalo ungelipa jina la elimu mbovu, sehemu yake kubwa ni idadi ya watu. Ungeweza kubadilisha mtaala mara tano na dirisha lisibadilike. Kwa sababu hii fani unayoitaka ina miguu miwili, elimu na mipango ya nguvukazi, na ninakuomba usiiache hata mmoja. FIP, shirikisho la kimataifa la famasia lililoanzishwa mwaka 1912, lilifikia mahali hapo pia: mkutano wake wa Nanjing, China, Novemba 2016 ulipitisha malengo 13 ya kuendeleza nguvukazi, yakigusa uwezo wa vyuo, mafunzo ya awali kazini, ubobezi, uongozi, na takwimu za wataalamu. Mwaka 2020 yakapanuliwa kuwa malengo 21 yanayobeba pia huduma na sayansi. Yasome. Lakini usiyageuze kuwa wimbo wa kila andiko la mradi. Chukua moja, uliza lina maana gani kwa wilaya moja unayoijua.

Twende kwenye njia yenyewe ya kazi. Vyuo vikuu vyetu vinaajiri kwa ngazi: mkufunzi msaidizi akiwa na shahada ya kwanza, mhadhiri msaidizi akiwa na uzamili, mhadhiri akiwa na uzamivu, kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Matangazo ya kazi kwa kawaida yanadai wastani usiopungua 3.8 kwa 5 kwenye shahada ya kwanza na 4.0 kwenye uzamili. Kwa hiyo 3.9 yako inakufungulia mlango, na sharti linalobaki ni uzamili usiteleze. Hapo ndipo nakutahadharisha usichukue kozi usiyoipenda. Wastani wa 4.0 hauji kwa somo ulilosukumiwa na marafiki.

Kemia ya dawa ni somo zuri na nchi inalihitaji. Tunaagiza nje sehemu kubwa ya dawa tunazotumia, na waliosaidia kujenga ujuzi wa viwandani, kama ile programu ya Moshi ya famasia ya viwanda iliyoendeshwa na shule ya famasia ya Kilimanjaro pamoja na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, wamefanya kazi ya kuheshimiwa. Ila swali lako haliko kwenye maabara. Kwa ulichokieleza, Chuo Kikuu cha Muhimbili kuna uzamili wa menejimenti ya dawa na kuna uzamili wa famasia ya hospitali na kitabibu. Wa kwanza utakupa mifumo, ugavi, sera na watu. Wa pili utakupa mgonjwa. Ningekuwa na nafasi yako ningechukua wa kwanza na kubaki na zamu hospitalini kwa ajili ya mgonjwa, lakini wowote kati ya hiyo miwili hutaujutia. Elimu ya ufundishaji iongeze kando, kwa kozi fupi za ualimu wa wataalamu wa afya, halafu uipeleke mbele kwenye uzamivu. Vyuo vikuu vya umma vimekuwa vikisomesha watumishi wao kupitia mradi wa HEET wa Benki ya Dunia, na ufadhili wa Jumuiya ya Madola na DAAD ya Ujerumani upo kila mwaka. Anayefanikiwa kwenye maombi hayo ni yule anayekuja na swali lililokwisha kuiva.

Na swali linaiva kazini. Muhimbili, ambako shahada ya famasia ilianza mwaka 1974, mwaka uleule Chuo Kikuu cha Nairobi nao walipoanza, walibadili mitaala yao kuwa ya umahiri, yaani inayoanzia kwenye kile mhitimu anachoweza kufanya, mwaka 2011 baada ya miaka ya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Kilichonivutia katika zoezi lile zaidi ya semina za walimu ni kwamba waliwafuatilia wahitimu huko makazini. Jambo hilo unaweza kulifanya wewe, kwa udogo wake, chuoni kwako. Kila darasa linapomaliza, andika wameenda wapi, baada ya mwaka mmoja wapigie simu: upo kituo gani, upo peke yako au na nani, kazi ipi ulikutana nayo hukuwahi kufundishwa. Ukiwa na madarasa matatu mfululizo una kitu ambacho wenzako wengi wenye uzamivu hawana. Tafuta kibali cha maadili ya utafiti mapema, kabla hujakusanya chochote, na ridhaa ya wahitimu wenyewe. Utafiti mdogo uliofanywa vizuri kwenye chuo kimoja una pa kuchapishwa. FIP wana jarida lao la elimu ya famasia, na wahariri wake wanataka kusikia kutoka kwetu.

Darasani nako kuna kazi ya kitafiti. Mtaala wa stashahada ni wa kitaifa chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, na Wizara ya Afya, kwa hiyo hutabadilisha masomo. Unachoweza kubadilisha ni namna unavyompima mwanafunzi akiwa mafunzoni hospitalini. Olle ten Cate wa Utrecht, Uholanzi, alipendekeza mwaka 2005 kwamba badala ya kumpa mwanafunzi alama ya jumla, msimamizi ajibu swali moja kwa kila kazi: naweza kumwachia kazi hii bila kusimama naye? Chagua kazi nane au kumi za mteknolojia wa dawa: kupokea shehena na kuilinganisha na hati, kuandaa maombi ya robo mwaka, kuchanganya dawa ya mtoto na kumwelekeza mzazi, kukataa cheti cha dawa chenye kosa na kumpigia daktari aliyekiandika. Hii ya mwisho ni ngumu kuliko zote, kwa kuwa inamtaka kijana wa miaka 21 amwambie daktari kwamba amekosea, na hatuwafundishi maneno ya kusema. Wafundishe. Fanyeni igizo darasani mpaka sauti isitetemeke.

Sitakuficha ugumu. Chuo cha kati, hasa cha binafsi, kinaweza kukupa vipindi vingi mpaka ukose hata jioni ya kusoma. Maktaba ni nyembamba, majarida ya kulipia huyapati, na hakuna profesa wa jirani wa kukusomea rasimu. Kuna wakufunzi wenye vipaji walioingia wakiwa na nia kama yako na miaka kumi baadaye bado wanasema wanajiandaa kuomba uzamili. Kwa hiyo jiwekee ukomo: miaka miwili, ikizidi sana mitatu, kisha uzamili, uwe na ufadhili au uanze kwa kujilipia taratibu. Tafuta mlezi wa kitaaluma sasa hivi, si baadaye. Mwandikie aliyekusimamia utafiti wa mwaka wa mwisho, umwambie unakwenda kufanya nini, na umwombe asome ukurasa mmoja wako kila baada ya miezi mitatu. Ukurasa mmoja hakuna anayekataa.

Kabla hujasaini mkataba, muulize mkuu wa chuo mambo haya, na umwombe ajibu kwa maandishi. Vipindi vya wiki ni vingapi, na ni masomo mangapi tofauti? Je, utaruhusiwa siku moja kwa wiki kuwa hospitali ambako wanafunzi wako wanafanya mazoezi, ukiwa kazini na si mgeni wa kukagua daftari la mahudhurio? Mafunzo endelevu unayohitaji ili leseni yako ihuishwe na Baraza, nani anayalipia? Ukienda kusoma, nafasi yako inashikiliwa au umeacha kazi? Na orodha ya wahitimu wa miaka iliyopita, pamoja na simu zao, ipo, na unaruhusiwa kuitumia kwa utafiti wenye kibali? Akikubali siku ya hospitali na orodha ya wahitimu, mengine mnaweza kuzungumza. Akikataa hayo mawili, niandikie tena kabla ya mwisho wa mwezi, tuangalie vyuo vingine.